Nyumba Kwanza, Iguana Baadaye

Wahenga walisema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Usemi huo ulikusudiwa binadamu, lakini wafaa kukumbushwa pia kila mtu anayetaka kumweka nyumbani kwake mnyama wa mwituni. Kumnunua ni jambo la dakika chache. Kumlea ni kazi ya miaka mingi. Ukweli huu huonekana wazi sana kwa iguana wa kijani, mjusi mkubwa wa Amerika ambaye kwa zaidi ya nusu karne amekuwa akiuzwa katika maduka ya wanyama ya Marekani na Ulaya kama kitu cha kuwafurahisha watoto.

Makala haya yanakusudia kueleza mahitaji ya mnyama huyo na kutetea hoja moja tu: kwamba haki ya kummiliki iguana yapasa itokane na nyumba iliyokwisha kuwa tayari kumpokea. Fedha za kumnunulia peke yake hazitoshi kumpa mtu haki hiyo. Mahali ambapo hoja hii imepuuzwa, hasara imeangukia kwanza mifupa ya mnyama, na baadaye misitu na bustani za watu ambao hawakununua iguana yeyote.

Iguana ni mnyama wa namna gani

Iguana wa kijani aliingizwa katika orodha ya sayansi na Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, mwaka 1758. Nchi zake za asili zaanzia Meksiko na kuteremka hadi Brazili na Paraguai, pamoja na baadhi ya visiwa vya Karibi. Katika bara la Afrika hakuna iguana wa asili. Msomaji wa Afrika Mashariki asiyepata kumwona aweza kumfikiria kenge kwa ukubwa na kwa mkia mrefu, kisha amwongezee safu ya miiba laini iliyosimama mgongoni kuanzia shingoni, na ngozi pana inayoning'inia chini ya kidevu.

Hata hivyo mfanano huo waishia kwenye umbo. Kenge hula nyama, mayai na mizoga. Iguana hula majani. Hushinda juu ya miti mirefu, hasa kandokando ya mito, akiota jua asubuhi, na aonapo hatari hujitupa majini na kuogelea. Kwa ufupi, ni mnyama wa kimo, wa jua kali, wa hewa yenye unyevu na wa nafasi kubwa. Mambo hayo manne ndiyo yanayokosekana katika nyumba za kawaida za miji ya nchi za baridi.

Mtoto wa iguana aanguliwapo huwa na urefu wa sentimeta 20 hivi, mkia ukiwamo, na uzito wa gramu 12 hivi. Akilishwa na kutunzwa ipasavyo, dume aweza kufikia urefu wa meta 1.5 hadi karibu 2, na uzito wa kilo 4 au zaidi. Yaani uzito wake huongezeka kupita mara 300. Aidha, iguana aliyetunzwa vizuri aweza kuishi miaka 15 hadi 20.

Udanganyifu wa umri mdogo

Dukani iguana huuzwa angali mchanga. Hukaa ndani ya kisanduku cha kioo pamoja na wenzake kadhaa, wote wa kijani kibichi, wote watulivu, kila mmoja akienea katika viganja vya mtoto. Katikati ya miaka ya 1990 Marekani peke yake ilikuwa ikiingiza mamia ya maelfu ya iguana kila mwaka, wengi wao kutoka katika mashamba ya kuwazalisha yaliyokuwa Kolombia na El Salvador. Kwa sababu ya wingi huo bei ilishuka, hata mara nyingi mnyama mwenyewe akawa rahisi kuliko taa aliyohitaji ili aishi.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Mnunuzi hupima jukumu kwa bei: kilicho rahisi hudhaniwa kuwa chataka matunzo rahisi. Utulivu wa iguana mchanga nao hupotosha. Kiumbe mdogo awindwaye na ndege na nyoka hujiokoa kwa kutulia asionekane. Mtoto amshikaye hudhani kwamba amependwa, kumbe huenda mnyama amejawa na hofu.

Hasemi uongo muuzaji anaposema kwamba mnyama huyo hula mboga na halii usiku. Anachokosa kusema ni kwamba kisanduku anachokiuza pamoja naye kitakuwa kidogo kabla ya mwaka kupita. Ukweli ulionyamaziwa hufanya kazi ileile ya uongo.

Vipimo vya nyumba yake

Nyumba ya iguana huanza kwa kimo. Mnyama wa mitini hutulia akiwa juu, mahali anapoweza kuwatazama watu kutoka juu. Awekwapo karibu na sakafu huishi katika wasiwasi, maana katika maumbile hatari nyingi humjia kutoka juu. Kipimo ambacho wafugaji wazoefu hukitaja mara nyingi kuwa cha chini kabisa kwa mnyama mzima ni kizimba chenye kimo cha meta 1.8, urefu wa meta 1.8, na upana wa sentimeta 90. Hicho chapita ukubwa wa kabati la nguo la kawaida, na wafugaji wengi walio waangalifu huishia kumpa chumba kizima. Ndani yake pawe na matawi imara yenye unene usiopungua ule wa kiwiliwili chake, rafu za kulalia, na karai la maji ambalo aweza kujitumbukiza.

Baada ya nafasi huja joto. Iguana hatengenezi joto la mwili wake kwa chakula kama afanyavyo binadamu au mbuzi. Hulipata kutoka nje, kwa kuhama baina ya jua na kivuli. Kwa hiyo kizimba chake hakina budi kuwa na joto la viwango mbalimbali. Mahali pa kuotea pawe na digrii 35 hivi za sentigredi, pembe iliyo baridi iwe na digrii 26 au 27, na usiku joto lisiteremke sana chini ya digrii 22. Joto hili ni sehemu ya mlo wake. Majani ayalayo husagwa na vijidudu waishio katika utumbo wake mpana, na vijidudu hao hawafanyi kazi barabara mwili unapokuwa baridi. Iguana aliyeshiba majani mazuri katika chumba cha baridi aweza kudhoofika kana kwamba amenyimwa chakula.

Mjini London wastani wa joto la Januari ni digrii 5 au 6 hivi. Tofauti yote iliyopo kati ya joto hilo na mahitaji ya iguana hulipiwa kwa mafuta, gesi au umeme. Taa moja ya wati 150 iwakayo saa 12 kwa siku hutumia uniti 657 za umeme kwa mwaka, na hiyo ni taa ya kuotea tu, kabla ya kuhesabu joto la usiku. Umeme ukikatika usiku wa baridi, mwenye nyumba hujifunika blanketi. Blanketi halimsaidii iguana, kwani hana joto lake mwenyewe la kuhifadhi.

Hewa nayo yapasa iwe na unyevu wa asilimia 70 hivi. Nyumba zinazopashwa joto wakati wa baridi huwa kavu sana, na mnyama hupungukiwa maji mwilini polepole hadi figo zake zikaharibika. Mfugaji hulazimika kunyunyiza maji mara kwa mara, na wakati huohuo kuangalia kuta za chumba zisiote ukungu.

Nuru isiyoonekana

Hitaji lisilofahamika kwa wengi ni lile la nuru. Ndani ya mwanga wa jua mna miali ya urujuanimno, ambayo jicho la binadamu haliwezi kuiona. Sehemu moja ya miali hiyo ipigapo ngozi ya iguana huuwezesha mwili kutengeneza vitamini D, na vitamini hiyo ndiyo iuwezeshayo utumbo kufyonza kalisiamu, yaani madini yanayojenga mifupa. Kioo cha kawaida cha dirisha huizuia miali hiyo. Kwa hiyo iguana aliyewekwa dirishani aweza kuonekana ameoga jua tangu asubuhi hadi jioni, na hali hakupata hata sehemu ndogo ya kile alichokihitaji.

Mwili unapokosa kalisiamu kutoka katika chakula, haukubali damu ikose madini hayo, kwa kuwa moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila ya hayo. Tezi zilizo karibu na koo hutoa homoni inayoamuru kalisiamu itolewe katika mifupa. Ndivyo mifupa inavyogeuka kuwa ghala linaloporwa kidogo kidogo. Taya hulainika, uti wa mgongo hupinda, vidole hutetemeka, na miguu huvimba kwa sababu mwili hujaribu kuitegemeza mifupa dhaifu kwa nyuzinyuzi. Jambo la kusikitisha ni kwamba mwenye mnyama aonapo miguu hiyo minene aweza kufurahi akidhani kwamba ananenepa. Siku moja mnyama huruka kutoka tawini, kama alivyozoea, na mfupa huvunjika.

Kinga ya maradhi haya yafahamika. Ni taa maalumu itoayo miali hiyo, ikiwekwa katika umbali ufaao bila ya kioo katikati yake na mnyama. Lakini taa hizo huendelea kuwaka kwa macho ya watu muda mrefu baada ya nguvu ya miali yake kufifia, na kwa sababu hiyo huhitaji kubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, kwa kufuata aina yake. Katika maisha ya miaka 15, hizo ni taa zipatazo 15 hadi 30. Ni mfugaji mwenye nidhamu tu awezaye kutupa taa ambayo bado inawaka.

Chakula nacho chataka elimu. Iguana ahitaji majani yenye kalisiamu nyingi kuliko fosforasi, kama majani ya haradali na sukuma wiki, pamoja na maboga na matunda kidogo. Saladi za majimaji humjaza tumbo bila ya kumjenga. Spinachi ikizidi huizuia kalisiamu isifyonzwe. Wapo waliowalisha iguana chakula cha mbwa kwa kuona kwamba hukua upesi. Nyama hiyo huzielemea figo za mnyama ambaye mwili wake uliumbwa kwa majani.

Hata vijidudu vya tumboni havikuwa mali ya mtoto tangu kuzaliwa. Mwaka 1982 mtafiti Katherine Troyer alionyesha kwamba watoto wa iguana waliokuwa Panama huvipata vijidudu hivyo kwa kukaa karibu na iguana wakubwa katika majuma ya kwanza ya maisha yao. Jambo hili lafunza kwamba mnyama anayedhaniwa kuwa mpweke na asiye na akili hurithi kwa wakubwa wake kitu cha lazima, kama mtoto wa mtu arithivyo lugha.

Ahadi ya miaka ishirini

Ipo methali isemayo kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Iguana ni mgeni asiyeweza kupewa jembe. Hatazoea baridi, hatajifunza kujitafutia chakula mjini, wala hatapunguza mahitaji yake kwa kuwa mwenyeji amepungukiwa. Mtoto wa miaka 8 aombaye kununuliwa iguana atakuwa na miaka 23 hadi 28 mnyama huyo atakapokufa kwa uzee. Kati ya siku hizo mbili yule mtoto atasoma, atahama, pengine ataoa au kuolewa. Kwa hakika ahadi hutolewa na mzazi, na ni yeye apaswaye kuulizwa dukani.

Tena tabia ya mnyama hubadilika. Dume akishabalehe, kila mwaka msimu wa kujamiiana ufikapo, aweza kumwona mtu wa nyumbani kuwa ni mpinzani aliyeingia katika milki yake. Meno yake ni madogo lakini yana makali kama ya msumeno, na mkia wake hupiga kama kiboko. Jike kwa upande wake aweza kutunga mayai hata kama hakukutana na dume. Mayai hayo huwa 20 hadi 70, na yakikosa mahali pa kufukiwa, penye udongo laini na unyevu, aweza kushindwa kuyataga akafa. Hapo huhitajika daktari wa wanyama aliyejifunza matibabu ya watambaazi, na madaktari wa namna hiyo ni wachache katika kila nchi.

Afya ya watu pia imo hatarini. Iguana, kama watambaazi wengine, aweza kubeba bakteria wa salmonela utumboni bila ya yeye mwenyewe kuugua. Kwa ajili hiyo wakuu wa afya wa Marekani hushauri kwamba watambaazi wasifugwe katika nyumba zenye watoto wa chini ya miaka 5. Si shauri la kupuuzwa, maana duka huwalenga hasa watoto.

Wanaolipa deni

Ahadi inapovunjika mnyama hatoweki. Wengi hufa mapema, na kifo chao hakiandikwi mahali popote. Wengine huachiwa nje usiku na wenyeji waliochoka, wakidhani kwamba wanawarudishia uhuru. Katika nchi ya baridi kitendo hicho ni kumuua kwa njia ya mbali. Katika nchi ya joto ni kuhamisha tatizo kutoka nyumba moja hadi nchi nzima.

Jimbo la Florida, Marekani, ni mfano mzuri. Iguana walianza kuonekana huru katika eneo la Miami katika miaka ya 1960. Leo wameenea kusini mwa jimbo hilo, wakila maua na mboga za bustani na kuchimba mashimo katika kingo za mifereji na chini ya njia za waendao kwa miguu. Mwezi Januari mwaka 2020 idara ya hali ya hewa ya Miami iliwatahadharisha wakazi kwamba iguana wangeweza kuanguka kutoka mitini kwa sababu ya baridi. Dunia ilicheka. Lakini kilichoonekana pale ni mnyama wa tropiki aliyeletwa na binadamu katika ukingo wa mipaka ya uhai wake, akaachwa huko bila ya nyumba.

Visiwani madhara ni makubwa zaidi. Katika Grand Cayman wingi wa iguana hao uliilazimu serikali kuanzisha mwezi Oktoba mwaka 2018 mpango wa kuwaua, na zaidi ya milioni 1 wameuawa. Huko Fiji, iguana wa kijani waliingizwa katika kisiwa cha Qamea mwaka 2000, nao sasa ni tishio kwa mimea na kwa iguana wa asili wa nchi hiyo. Katika visiwa vya Guadeloupe na Martinique, iguana wa kijani amezaana na iguana mwingine wa asili hata yule wa asili akawa karibu kutoweka. Haidaiwi hapa kwamba kila iguana wa visiwa hivyo alitoka dukani. Inatosha kuona kwamba binadamu alimhamisha mnyama bila ya kwanza kuuliza angeishi wapi.

Mwaka 2021 jimbo la Florida lilimweka iguana wa kijani katika orodha ya wanyama waliopigwa marufuku. Waliokuwa nao majumbani waliruhusiwa kubaki nao kwa kupata kibali na kumtia mnyama alama ya kielektroniki chini ya ngozi. Hatua hiyo yastahili sifa, lakini ilikuja miaka zaidi ya 50 baada ya dalili za kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Florida sasa hauna mwisho.

Hoja za wapinzani

Wapo watakaosema kwamba kumfuga iguana kwamfunza mtoto kupenda sayansi. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mtoto aangaliaye kipimajoto kila asubuhi, apimaye unyevu na aandikaye uzito wa mnyama kila juma, hujifunza mengi. Lakini mafunzo hayo hutokana na nyumba iliyojengwa vizuri. Mtoto aliyepewa iguana ndani ya kisanduku kidogo hufunzwa jambo jingine, nalo ni kwamba uhai waweza kununuliwa, ukachosha, ukatupwa.

Wengine husema kwamba iguana wanaozaliwa mashambani hawapunguzi wale wa mwituni. Ni kweli kwamba ufugaji waweza kuwa na manufaa. Katika miaka ya 1980 mtaalamu Dagmar Werner alianzisha Panama, na baadaye Kosta Rika, mpango wa kuwazalisha iguana kwa ajili ya nyama, ambayo wenyeji wa huko wameila tangu kale, ili wakulima waone faida ya kuihifadhi miti. Tofauti ni kwamba mnyama yule alilelewa katika hali ya hewa ya kwao, na kusudi la kumfuga lilijulikana toka mwanzo hadi mwisho. Kuzaliwa shambani hakumfanyi iguana kuwa kuku. Mwili wake bado wadai jua lilelile, joto lilelile na kimo kilekile kama cha babu zake.

Hoja ya tatu ni ya uhuru: kwamba mtu na mali yake asiingiliwe. Lakini sheria zimekwisha kuingilia mambo ya namna hii pale ilipoonekana lazima. Mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku kuuza kasa na kobe wadogo wenye gamba lisilofikia sentimeta 10 hivi wawe vipenzi vya nyumbani, kwa sababu watoto walikuwa wakiambukizwa salmonela. Kama sheria yaweza kumkinga mtoto na kobe, yaweza pia kumkinga mnyama na mnunuzi asiyejiandaa.

Yafaayo kufanywa

Katika nchi ambazo bado zaruhusu biashara hii, mambo matatu yapasa yawe sharti. Kwanza, iguana asikabidhiwe mnunuzi hadi kizimba cha ukubwa wa mnyama mzima kiwe kimekwisha kujengwa, taa zake zimewaka, na joto lake limepimwa kwa majuma kadhaa. Pili, kila duka liuzalo watoto wa iguana limwonyeshe mnunuzi iguana mzima, aliye hai, katika nyumba impasayo. Hakuna karatasi ya maelezo iwezayo kufundisha kama macho. Tatu, muuzaji alazimike kumpokea tena mnyama aliyeshindikana, ili mlango wa nyuma wa bustani usiwe ndio njia iliyo rahisi.

Masharti haya yatapunguza mauzo. Hilo halina budi kukubaliwa wazi. Biashara ambayo haiwezi kudumu bila ya ujinga wa mnunuzi haistahili kulindwa.

Wala jambo hili lisidhaniwe kuwa la Waamerika peke yao. Tanzania nayo kwa miaka mingi ilikuwa ikipeleka vinyonga, kobe na mijusi hai kwenye maduka hayohayo ya ng'ambo. Miongoni mwao ni mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, aishiye juu ya mikadi. Wakusanyaji walifikia hata kuikata miti hiyo ili wamkamate. Mwingine ni kobe mwenye gamba bapa aishiye katika nyufa za miamba ya Tanzania na Kenya, ambaye kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mara moja. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Nao mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uitwao kwa kifupi CITES, uliwapa wanyama hao wawili ulinzi wake mkubwa kabisa: mjusi wa Kimboza katika mkutano wa mwaka 2016, na kobe huyo katika mkutano wa mwaka 2019.

Mara nyingi hatua za namna hii hutetewa kwa kuhesabu wanyama waliobaki msituni. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Iguana wa kijani hakuwa adimu; walizalishwa kwa malaki, na bado biashara yao ilizaa mateso na uharibifu. Fundisho la iguana ni kwamba nchi ipelekayo mnyama na nyumba impokeayo zina swali moja la kujibu kabla ya fedha kubadilishana mikono, nalo ni: ataishi wapi, na kwa miaka mingapi? Mzazi aliyesimama dukani, mwanawe amemshika mkono na iguana mdogo akiwatazama kupitia kioo, naye yampasa alijibu swali hilohilo. Akiwa hana chumba, taa na miaka 20 ya kutoa, na amwonyeshe mtoto mnyama huyo katika bustani ya wanyama, kisha warudi nyumbani mikono mitupu.